Balaa Likija, Mbuzi wa Utafiti Atakimbilia Wapi?

Mtu akikutajia wanyama wa utafiti, yamkini utafikiria panya weupe vizimbani, au nyani wa ile taasisi iliyoko Karen, Nairobi. Ni nadra kumfikiria mbuzi wa mama mmoja wa Lokichar. Lakini kusini mwa Turkana wataalamu walichunguza mifugo kwa miaka mingi bila kuijengea banda hata moja. Wanyama hao walilala katika awi, yaani boma la familia, na maziwa yao yakanywewa na watoto wa mle mle.

Kwanza tuwatazame wale wa vizimbani. Juni 2001 dhoruba iliyoitwa Allison iliufurikisha mji wa Houston, Marekani. Chuo cha utabibu cha Baylor na Chuo Kikuu cha Texas viliwaweka wanyama wao chini ya ardhi. Maji yalishuka huko, umeme ukazimika, na maelfu ya panya wakafa maji, pamoja na nyani na mbwa. Mwaka 2012 kimbunga Sandy kikafanya yale yale katika Chuo Kikuu cha New York. Utadhani somo la Houston halikusomwa!

Mwongozo wa Marekani wa kutunza wanyama wa maabara, toleo la 2011, unataka kila kituo kiwe na mpango wa maafa. Wafanyakazi wanaohitajika wajulikane mapema, maji na hewa visikosekane, na mnyama asiyeweza kuhamishwa wala kulindwa auawe bila kuteswa.

Lokichar adui mkubwa ni ukame. Wataalamu wa ule mradi wa mfumo wa mazingira wa Turkana Kusini, akiwemo J. Terrence McCabe, walipofika miongoni mwa Wangisonyoka mnamo 1980, walikuta ukame umekwisha kuanza. Mifugo ilikufa kwa wingi. Ila walichokiona, msomaji, ni mpango wa maafa usioandikwa popote.

Mwenye mifugo haweki mali yake yote pamoja. Wanaokamwa hubaki awi. Wasio na maziwa hupelekwa mbali, katika kambi iitwayo abor. Wengine hukopeshwa marafiki wa sehemu nyingine, ili mvua ikikosa huku, huenda imenyesha kule. Ngamia hula majani ya juu ya miti, ng'ombe hutaka nyasi, na mbuzi hubeba mimba miezi mitano tu ilhali ngamia huchukua takriban 13. Kwa hiyo baada ya janga mbuzi ndio huinua familia upesi. Kando ya mito iko miti ya ekwar, ambayo kila mmoja ina wenyewe, na maganda yake huokoa mbuzi wakati wa kiangazi.

Serikali nayo haikulala. Mwaka 1987 kilianzishwa Lodwar kitengo cha kupanga mapema dhidi ya ukame, kazi ambayo tangu 2011 ni ya Mamlaka ya Kitaifa ya Kudhibiti Ukame. Hata hivyo katika ukame wa 2020 hadi 2023 Kenya ilipoteza zaidi ya mifugo milioni 2. Onyo lilikuwako, tatizo ni kwamba onyo peke yake halilishi mbuzi.

Hapa ndipo mtafiti anapoweza kukosea vibaya. Kuhesabu ni rahisi mifugo ikikaa pamoja, kwa hiyo atatamani mwenyewe asiitawanye wala asihame kabla ya kazi kwisha. Akimshawishi hivyo, amemjengea Houston katikati ya jangwa, na atakayelala njaa ni mtoto wa awi ile, si yeye. Basi kabla ya kumtia mbuzi wa kwanza alama sikioni, makubaliano yaseme wazi kwamba mwenye mifugo atahama siku anayoona inafaa, bila kumwomba mtu ruhusa. Mtafiti akifika asubuhi akute boma ni tupu, na achukue daftari lake afuate nyayo.