Tamthiliya ya Kale kwa Simu Moja ya Mwalimu

Wengi wetu tukienda TP tunafundisha tamthiliya kama tulivyofundishwa: fani, maudhui, mtihani, basi. Mimi nilifanya hivyo hivyo wiki tatu za kwanza, katika shule moja ya kata upande wa Marangu, mpaka binti mmoja wa Kidato cha Tatu, mkimya kuliko wote, akaniuliza: "Mwalimu, kwani hivi vitu huwa vinachezwa?"

Niliona aibu. Nikampigia mwenzangu aliyekuwa TP Rombo, tukakubaliana kufanya tamasha dogo la mtandaoni. Kila darasa licheze sehemu yake, litume kwa lenzake, kisha waulizane maswali. Tulichagua Mfalme Edipode, tamthiliya ya Mgiriki Sophocles iliyotafsiriwa na Samuel Mushi na kutoka mwaka 1971. Kazi za aina hii si ngeni kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alishatoa tafsiri ya Julius Caesar ya Shakespeare mwaka 1963.

Sasa shida: wanafunzi hawaruhusiwi simu shuleni. Simu yangu ndiyo ikawa jukwaa, kamera na posta. Video ya dakika kumi ilikula bando lote na bado haikwenda.

Waliotuokoa ni Wagiriki wenyewe. Athene, karne ya 5 kabla ya Kristo, watazamaji walikaa kwenye mteremko wa kilima cha Akropoli, na waigizaji walivaa vinyago. Uso hukuuona, kwa hiyo sauti ilibeba mzigo mkubwa. Tena kulikuwa na korasi, kundi linaloimba na kucheza pamoja. Sophocles anatajwa kuwa ndiye aliyeliongeza kutoka watu 12 hadi 15. Wao waliliita khoros, na neno letu "kwaya" lina asili huko huko, kupitia Kiingereza. Moshi hii nani hajaimba kwaya?

Basi tukaacha video, tukarekodi sauti tu. Kama unataka kujaribu, fanya hivi. Chagua wasemaji watatu, darasa zima liwe korasi. Someni kipande mara mbili kabla ya kuigiza. Waachie wanafunzi watunge tuni wenyewe. Rekodi kabla mvua haijaanza, maana ikishapiga bati hakuna korasi itakayosikika. Tuma vipande vya dakika mbili mbili, na kila kipande kiende na swali moja.

Swali kutoka Rombo lilikuwa hili: Edipode alikimbia kwao ili asitende uovu aliotabiriwa, sasa kosa lake ni lipi?

Darasa likawaka. Wengine walisema hana kosa, ni laana tu. Wengine wakasema mtu mzima hakimbii bila kuuliza vizuri. Ndipo yule binti akasimama: "Kutojua siyo kosa. Kosa ni kumtukana yule mzee kipofu aliyemwambia ukweli."

Nilikuwa nimeisoma tamthiliya ile mara nne na sikuwa nimeliona hilo.

Msimamizi wa TP alikuja siku hiyo hiyo. Akaandika kwenye fomu yangu kwamba darasa lilikuwa na kelele. Sikumbishia. Ni kweli, lilikuwa nazo.