Je, Wajua? Perege wa Jipe

Ukitoka Mwatate kwenda Taveta, ukipita Maktau, nchi ni kavu: vumbi jekundu na miiba. Kumbe mbele kuna Ziwa Jipe, nusu Kenya, nusu Tanzania, linalolishwa na Mto Lumi kutoka Kilimanjaro. Humo yumo perege wa Jipe, samaki ambaye asili yake ni bonde la Mto Pangani pekee, na sasa yumo hatarini kutoweka. Basi ukivua, vifaranga warudishe majini. Maji hayo huteremka kwa Mto Ruvu hadi Nyumba ya Mungu, bwawa kubwa lililojengwa nyikani miaka ya 1960. Safari ipange baada ya masika, njia zikikauka. Chukua leseni, na ufuatane na mvuvi mwenyeji: matete ya Jipe huficha viboko.