Pikapu ya Biashara na Nyonga ya Bibi

Ukiiacha lami ya Kawangware 56 pale Nairobi na kuingia njia za ndani, utakuta udongo, mawe na mashimo. Mvua ikinyesha ni tope. Jua likiwaka, kingo za mashimo hukauka zikawa ngumu kama kinu. Huko tulimzuru bibi mmoja mtu mzima, mzaliwa wa pwani, aliyekosa kliniki mara mbili. Gari lilikuwapo. Alichokikataa ni gari lenyewe: pikapu ya mwanawe ya kubebea viazi, iliyomrusha kila shimo hata nyonga ikamuuma siku tatu.

Wengi wetu tunazo pikapu za namna hii, siku za kazi huchukua bidhaa na Ijumaa huchukua jamaa. Pikapu haikuundwa kwa starehe, imeundwa kwa mzigo unaokaribia tani moja. Nyuma hukalia springi za vyuma virefu vilivyopangwa kimoja juu ya kingine. Ikipakiwa, vyuma hupinda na gari hutulia. Ikiwa tupu, havipindi sana, na kila pigo hupanda hadi kitini. Kijana naye alikuwa ameongeza chuma kimoja kila upande ili abebe magunia zaidi, na tairi amezijaza upepo wa mzigo wakati wote.

Tulianza na upepo, kwa kuwa hauna gharama. Kibandiko kwenye fremu ya mlango wa dereva hueleza kiasi kifaacho gari likiwa tupu na likiwa na mzigo. Usishuke chini ya hapo, maana tairi legevu hupata moto na kupasuka. Kisha fundi akatazama shokomzoba za nyuma. Moja ilivuja mafuta, na ikishakufa haizuii gari kurukaruka baada ya shimo. Akazibadilisha zote mbili, pamoja na bushi za mpira zilizolika. Mwisho, vyuma vya nyongeza vikatolewa. Hapo kijana alisita, na tunamwelewa: sasa viazi vya safari moja vitakwenda kwa safari mbili, na mafuta ni ghali. Akamtazama mamake, akakubali.

Jirani alishauri mama alazwe nyuma juu ya godoro. Hilo hatukulikubali hata kidogo.

Jumanne bibi alikaa mbele, mto chini ya nyonga, mkanda kifuani, mwanawe akaenda mwendo wa kobe hadi lami. Aliporudi, alilalamikia foleni ya kliniki tu.