Kionyeshi "Ile" katika Lugha ya Matapeli wa Simu

Mwanaisimu wa Kiswahili amezoea kuchota mifano yake katika ushairi, methali, hotuba za viongozi na mazungumzo ya sokoni. Ujumbe wa tapeli hauhesabiwi kuwa matini ya kuchunguzwa. Husomwa, hufutwa, na mara nyingine hulipiwa. Hata hivyo ni sentensi chache za Kiswahili zilizosomwa na watu wengi katika miaka ya karibuni kuliko hii, ambayo kwa sura moja au nyingine imewafikia wenye simu wa Tanzania na kuvuka mpaka hadi Kenya: "Ile hela nitumie kwenye namba hii, jina litakuja la fulani." Makala haya yanakusudia kueleza jinsi sentensi hiyo inavyofanya kazi, na kwa nini kazi yake kubwa zaidi inafanywa na neno lake la kwanza.

Historia yake si ndefu. Huduma ya M-Pesa ilianzishwa Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka 2008. Kabla ya hapo, tapeli aliyetaka fedha za mtu aliye mbali hakuwa na budi kumfikia kwa mwili: amfuate kituo cha basi, amwonyeshe kipande cha shaba akidai ni dhahabu, au amtume mwenziwe ajifanye mpita njia mwema. Baada ya hapo sentensi peke yake ilitosha. Fedha zilipopata uwezo wa kusafiri kwa maneno, utapeli nao ukawa kazi ya maneno matupu, yaani kazi ya lugha, na hapo ndipo unapoingia katika mipaka ya taaluma hii.

Mfumo wa vionyeshi vya Kiswahili unajulikana vyema kwa wasomaji wa jarida hili. Katika ngeli ya "hela" kuna "hii" ya kilicho karibu, "ile" ya kilicho mbali, na "hiyo", ambayo Ashton katika sarufi yake ya mwaka 1944 aliihusisha na "-o" ya rejea: kitu ambacho kimekwisha kutajwa. Vitabu vya shule hupenda kuueleza mfumo huu kwa umbali wa mahali: kalamu hii mkononi, kalamu ile mezani. Maelezo hayo si makosa, lakini hayatoshi. Umbali wa "ile" unaweza pia kuwa umbali wa wakati na wa kumbukumbu. Asemaye "yule mtu amekuja" haonyeshi mtu kwa kidole. Anamwambia msikilizaji: wewe na mimi tunamjua, tulikwisha kumzungumza, sina haja ya kumtaja.

Hebu sasa ulinganishwe uwezekano uliokuwa mbele ya mtunzi wa ujumbe. Kama angeandika "hela hiyo nitumie", msomaji angetazama juu ya ujumbe kutafuta maneno yaliyotangulia, na asingeyaona. Hila ingevunjika papo hapo. Kama angeandika "nitumie hela", angekuwa ombaomba wa kawaida. "Ile" haimtumi msomaji kwenye maandishi yaliyotangulia bali inamtuma ndani ya kichwa chake mwenyewe. Nako huko hakukosekani kitu. Pana kodi ya nyumba ya mwezi huu, pana mchango wa harusi ya binamu, pana rambirambi iliyoahidiwa, karo iliyobaki, deni la dukani. Katika jamii zetu ni nani asiye na "ile" yake kwa mtu fulani? Tapeli hajui chochote juu ya deni hilo. Kionyeshi ndicho kinachojua, kwa sababu kinamlazimisha msomaji kulileta deni hilo yeye mwenyewe.

Tena kionyeshi kimewekwa mbele ya nomino. "Hela ile" yaweza kusomwa kama kutofautisha: ile, wala si hii. "Ile hela", kwa upande mwingine, inakaribia sana kazi ambayo lugha nyingine huifanya kwa kibainishi cha umahususi. Inachukulia kwamba hela ipo, ni moja, na inajulikana. Wataalamu wa pragmatiki huiita hali hii dhana tangulizi: jambo lisilodaiwa na sentensi, bali lililokwisha kukubaliwa kabla sentensi haijaanza. Jambo linalodaiwa mtu huweza kulikana kwa urahisi. Lililotangulizwa hupita chini ya mlango. Mtu aliyeambiwa "una deni langu" atajibu "sina". Aliyeambiwa "ile hela" huanza kwa kujiuliza ni ya nani.

Grice, katika makala yake mashuhuri ya mwaka 1975, alieleza kwamba mazungumzo huendeshwa kwa kanuni ya ushirikiano: msikilizaji huchukulia kuwa msemaji ana maana, na pengo likitokea hulijaza yeye mwenyewe kwa nia njema. Ujumbe wa tapeli umejengwa kwa mapengo. Hauna salamu, hauna jina la mtumaji, hauna kiasi. Kwa Mswahili aliyelelewa kusalimu kabla ya kuomba hata maji, ukosefu wa salamu ungepaswa kuwa dalili ya kwanza ya hatari. Lakini kinyume chake hutokea. Watu wasiosalimiana katika maandishi ni watu walio katikati ya mazungumzo yanayoendelea, watu walioagana asubuhi. Kutosalimu kunageuka kuwa madai ya kujuana.

Sehemu zilizobaki zinastahili kupitiwa kwa haraka zaidi. "Nitumie" ina kiambishi cha mtendewa cha nafsi ya kwanza, kauli ya kutendea, na kiishio cha "-e" ambacho hulainisha amri kuwa ombi. Lakini huyo "ni-" ni nani haielezwi popote. "Kwenye namba hii" inadokeza kwamba kulikuwa na namba nyingine, na kwamba mpokeaji anaijua. Fundo la hila limo katika "jina litakuja". Huduma nyingi za kutuma fedha humwonyesha mtumaji jina la mwenye laini kabla ya kuthibitisha, na huko Kenya hatua hiyo ilipewa jina zuri la Hakikisha. Ni kinga iliyobuniwa kwa busara: ukiona jina geni, acha. Tapeli ameizunguka kwa wakati ujao tu. Amelitaja jina geni mapema, na linapotokea kwenye kioo cha simu halimshtui tena msomaji. Linathibitisha yale aliyoambiwa. Tanzania ilipoanza mwaka 2019 kusajili laini kwa alama za vidole, wengi walitumaini kwamba ujumbe huu ungekufa. Haukufa, kwa sababu haukuwa umejengwa juu ya kuficha jina.

Aina ya pili ya utapeli hutumia sauti, na sarufi yake ni ya adabu. Mpigaji simu hujitambulisha kuwa mwalimu: "Mzazi, shikamoo. Mwanao ameanguka, tumemkimbiza hospitali, daktari anataka malipo kwanza." Au hujifanya mhudumu wa kampuni ya simu na kumwita mama wa watu "mteja wetu mpendwa", kisha akamwelekeza abonyeze tarakimu asizozijua maana, ataje nambari ya kitambulisho, na hatimaye nambari ya siri. Akiisha kuzipata hizo, laini ya mwenyewe huzimika na kuhamishiwa kadi nyingine. Wapo pia wanaotunga ujumbe unaofanana na ule wa kupokea fedha, kisha wakapiga simu wakilia: "Nimekosea nambari, hizo zilikuwa za dawa ya mgonjwa, nirudishie tafadhali."

Brown na Levinson, walioandika juu ya adabu ya lugha mwaka 1978, walieleza jinsi wazungumzaji wanavyolindana nyuso. Matapeli wa simu wanaishi kwa ulinzi huo. Katika malezi ya pwani na ya bara pia, kumkatia simu mtu anayekuamkia "shikamoo" ni utovu wa adabu, kumuuliza mwalimu wa mwanao "una hakika wewe ni mwalimu?" ni tusi. Wanaonaswa, basi, si wajinga kama wanavyochekwa katika mabaraza. Mara nyingi ni wale waliolelewa vizuri. Mzazi aliyetuma fedha kwa "mwalimu" asiyekuwapo amefanya lile ambalo kila mzazi mwema angelifanya, ila amelifanya kwa mtu asiyestahili. Wasomi wanaoandika juu ya jambo hili kwa sauti ya dhihaka wanampa tapeli kinga ya ziada, maana aliyeibiwa huona haya kusema.

Katika Kenya imeripotiwa mara nyingi kwamba baadhi ya simu hizi hupigwa na wafungwa wa gereza la Kamiti, na raia husema tu "watu wa Kamiti". Jambo hilo si geni kama linavyodhaniwa. Vidocq, mhalifu wa Ufaransa aliyegeuka kuwa mpelelezi, alieleza katika miaka ya 1830 juu ya "barua za Yerusalemu" zilizoandikwa na wafungwa kwa matajiri: mtumishi wa bwana mkubwa aliyekimbia Mapinduzi ameficha sanduku la mali, naye anahitaji fedha kidogo tu alifikie. Ukoo huohuo ndio uliozaa barua pepe za mirathi zilizopewa nambari 419, kwa kufuata kifungu cha sheria ya jinai ya Nigeria.

Mwaka 2012 Cormac Herley, mtafiti wa kampuni ya Microsoft, alitoa hoja kwamba upuuzi wa barua hizo ni wa makusudi. Kadiri hadithi inavyokuwa ya ajabu, ndivyo wenye mashaka wanavyojitoa wenyewe, na mwandishi hubaki na wachache wanaoweza kufuatwa hadi mwisho. Hoja hiyo ni ya akili, lakini haielekei kuufaa ujumbe wa Kiswahili. Barua ya mirathi huhitaji majuma ya kuandikiana, na kwa hiyo mwandishi hana budi kuchuja. "Ile hela" haihitaji majibizano yoyote. Huchukua dakika moja, na humtaka mtu yeyote aliyekuwa karibu kumtumia fedha mtu mwingine. Ndiyo maana Kiswahili chake ni safi, kifupi, tena cha kawaida kabisa.

Kama hila imo katika "ile", dawa yake nayo imo katika sarufi. Swali "Hela ipi?" linalivunja tanguliza lote, kwa kuwa linamrudishia mtumaji wajibu wa kutaja alichodai kinajulikana. Mwenye nyumba halisi atajibu mara moja: kodi ya mwezi fulani, chumba fulani. Tapeli hukaa kimya au hukasirika. Swali hilo lakini liulizwe kwa nambari inayojulikana tangu zamani, si kwa ile iliyoleta ujumbe. Vivyo hivyo mzazi na aipigie shule yenyewe. Anayedai kwamba fedha zake zimepotea njia aelekezwe kwenye utaratibu wa kampuni: mteja wa Safaricom aliyekosea nambari hupeleka ujumbe wa muamala kwa 456, na hakuna haja ya kumrudishia mtu fedha kwa mkono. Ujumbe wa kitapeli wenyewe huweza kupelekwa 333 kwa wateja wa Safaricom, na 15040 kwa walio Tanzania. Sheria zipo, ya Tanzania ya mwaka 2015 na ya Kenya ya mwaka 2018, ingawa mtu aliyepoteza shilingi mia tano ni nadra kwenda polisi.

Hapa pana aibu ambayo idara za lugha haziwezi kuikwepa. Matangazo mengi ya kuwaonya wananchi yameandikwa kwa Kiswahili kibovu kuliko cha matapeli. "Usishiriki nambari yako ya siri na mtu yeyote," lasema onyo linaloonekana mara kwa mara. Kushiriki ni kuwa na sehemu katika jambo: mtu hushiriki mkutano, hushiriki maziko. Nambari ya siri haishirikiwi. Hupewa mtu, hutajwa, hutolewa. Mama aliyesoma Kiswahili chake darasani na barazani analipita onyo hilo kama kitu kisichomhusu, maana hajawahi kuishiriki nambari yake. Baada ya saa moja mtu anamwita "mama" kwa Kiswahili kinachoteleza, na anampa. Onyo limetafsiriwa na mtu aliyekuwa akiitazama lugha nyingine; ujumbe wa wizi umetungwa na mtu aliyekuwa akimtazama msomaji. Kazi ya kuandika "Usimtajie mtu nambari yako ya siri, hata akisema ni mhudumu wetu" haihitaji utafiti mkubwa. Inahitaji mtu anayejua lugha aketi katika chumba ambamo matangazo hayo hupitishwa.

Wasemaji wenyewe hawakungoja wataalamu. Huko Tanzania sentensi imekwisha kuwa jina: husemwa "wale wa tuma kwa namba hii", na kishazi kizima kimechukua nafasi ya nomino "tapeli" bila kupitia kamati ya istilahi. Upataji huo umekuja na hasara yake. Mwenye nyumba aliyepoteza simu na kununua laini mpya hana tena njia nyepesi ya kuwaarifu wapangaji wake. Akiandika kwa uaminifu wote "ile kodi nitumie kwenye namba hii", hujibiwa kwa kicheko au hajibiwi kabisa, na humbidi afunge safari ya mguu, agonge mlango, asalimu, na kuomba kodi yake kwa kinywa.