Je, Wajua? Programu za 2011 Bado Zilijibiwa

Je, wajua kwamba API, lile dirisha ambalo programu moja hulitumia kuomba huduma kwa nyingine, ni rahisi kuifungua kuliko kuibadilisha? Kampuni ya malipo ya mtandaoni, Stripe, huyapa matoleo ya API yake majina yenye tarehe, mathalani 2017-05-25. Mteja akituma ombi lake la kwanza, akaunti yake hubaki kwenye toleo lililopo siku hiyo. Hahamishwi mpaka atake mwenyewe.

Zamani taarifa za akaunti ya benki zilikuwa na sehemu iitwayo "verified", yenye majibu mawili tu: ndiyo au siyo. Hayakutosha, ikaja "status" yenye majibu zaidi. Programu za zamani hazikuharibika, kwani mfumo huandaa kwanza jibu la kisasa, kisha hulirudisha nyuma, badiliko moja baada ya jingine, hadi lifanane na toleo la mteja. Kazi ya kuchosha kwelikweli! Mwaka 2017 kampuni ilieleza kuwa matoleo yote tangu 2011 bado yanakubalika.

Wewe unayeunda API leo, pima vyema majina ya sehemu zake kabla mteja wa kwanza hajaingia.