Chambo cha plastiki laini: tuchague kwa akili ya samaki

Katika makala haya nitaeleza namna wavuvi wa Marekani wanavyochagua chambo cha plastiki laini ili kumnasa samaki aitwaye bass. Jambo hili nililikuta nikiandaa faharasa ya maneno ya uvuvi kwa zoezi la tafsiri. Niliona kwamba jina la chambo halitafsiriki mpaka ujue chambo chenyewe kinafanya nini majini.

Tuanze na jina la samaki, maana lenyewe ni mtego. Tukiliandika kwa sauti za Kiswahili tunapata "basi", na msomaji atabaki akingoja gari. Kifaransa cha Quebec husema achigan, neno lililotoka kwa wenyeji wa asili wa huko. Sangala wetu wa Tanganyika naye ni wa ukoo mwingine kabisa. Kwa hiyo nimeliacha jina bass. Ninayemzungumzia ni yule mwenye mdomo mpana, Micropterus salmoides, mwenyeji wa mashariki ya Amerika ya Kaskazini, ambaye watu walimleta hadi ziwa Naivasha, Kenya, mwishoni mwa miaka ya 1920. Yeye huvizia. Hujificha kwenye majani au magogo, kisha hufungua kinywa ghafla, na maji yanaliingiza windo ndani.

Kinywa hicho ndicho kinachoeleza ulaini. Kitu kigumu hutemwa upesi; kilicho laini kama mnyoo hukaa mdomoni kitambo kidogo, na mvuvi anapata nafasi ya kuvuta. Mwaka 1949, Nick Creme wa Akron, Ohio, alitengeneza mnyoo wa namna hiyo kwa kumimina plastiki ya moto katika kalibu. Leo wengi huchanganya na chumvi, ambayo huongeza uzito na ladha.

Sasa, tuchague vipi? Mimi nayapanga maswali kuwa matatu.

La kwanza: samaki anakula nini pale? Akila kamba wa mtoni, chambo kiwe na magando na kiburutwe chini. Akila visamaki, kiwe na mkia mpana unaopigapiga maji.

La pili: maji yakoje? Katika maji maangavu, rangi tulivu za kijani na kahawia zinafaa, kwa sababu samaki anaona vizuri. Katika maji ya tope, nyeusi au bluu nzito huonyesha umbo waziwazi zaidi, na mkia unaotikisika husaidia, kwani bass huhisi mtikisiko kwa mstari ulio ubavuni mwake. Tena, joto la mwili wake hufuata lile la maji. Wakati wa baridi huwa mzito, hivyo chambo kiwe chembamba na kivutwe polepole.

La tatu: chini kuna nini? Penye majani mengi, hutumika mtindo wa Texas: ncha ya ndoano hufichwa ndani ya plastiki isinase majani, na mbele yake kizito chenye umbo la risasi huteleza kwenye uzi. Hapa Kiswahili kina bahati, maana risasi ni ile ya bunduki na pia ni madini yenyewe.

Mtaona kwamba rangi haikutangulia. Madukani rangi ni nyingi mno, na nyingi humnasa mvuvi kabla ya samaki.

Kuna jambo zito zaidi. Plastiki hii haiozi, na kipande kilichokatika huweza kumezwa na samaki na kubaki tumboni mwake. Mwaka 2013 jimbo la Maine lilijadili mswada wa kuipiga marufuku. Kuchagua vizuri ni pamoja na kuchukua chambo kisichochanika ovyo, na kurudi nyumbani na vipande vilivyokwisha kazi.

Kwa kumalizia, faharasa yangu sikuipanga kwa alfabeti ya Kiingereza. Niliipanga kwa kazi: chambo cha kuburuta, cha kuogelea, cha kuzama polepole. Mvuvi wa Kalemie ambaye hajawahi kumwona bass ataelewa mara moja, na ataweza kutusahihisha. Faharasa ambayo mvuvi hawezi kuisahihisha inamfaa nani?