Je, Wajua? Chuo Maana Yake Kitabu

Katika Kiswahili cha zamani, chuo ni kitabu. Ndiyo maana mtoto wa Unguja anayekwenda madrasa husemwa "amekwenda chuoni", na mjuzi wa dini huitwa mwanachuoni.

Ukitoka sokoni Darajani, mjini Unguja, ukaingia vichochoroni, huendi mbali utafika Ukutani. Huko ndiko alikosomesha Sheikh Abdallah Bakathir (1860–1925), mzaliwa wa Lamu, na jina lake limebaki kwenye madrasa ya mtaa huo.

Darsa, yaani kusoma kitabu mbele ya sheikh, haina pupa. Watu hukaa mkekani, kila mmoja na nakala yake. Mmoja husoma kwa sauti, sheikh humsimamisha, hufasiri kwa Kiswahili. Swali huulizwa, penseli hupita pambizoni. Kitabu kimoja huweza kuchukua miezi, na kikikhitimiwa hufunguliwa kingine.

Katika mji huo wa darsa alizaliwa Sheikh Abdallah Saleh Farsy, mwaka 1912. Tafsiri yake ya Kurani kwa Kiswahili ilitoka kamili mwaka 1969, na hadi leo imo majumbani Afrika Mashariki.

Kitabu kikisomwa pamoja, hakimwachi mtu nyuma.